Kituo cha basi kilichozikwa na theluji: jinsi ya kuingiza shida ya mtaa wako kwenye mpango wa usafiri wa Colorado

Pita barabara ya Colfax upande wa Aurora, mji jirani wa Denver, asubuhi baada ya theluji nzito. Magari ya kukomba theluji yamefanya kazi usiku kucha, lami imebaki nyeusi na safi. Theluji yote iliyokombwa imesukumwa pembeni, na pembeni ndiko vituo vya basi vilipo. Mama mwenye kigari cha mtoto anakitazama kile kilima cha barafu chafu, anaguna, kisha anashuka kusubiri basi namba 15 barabarani, magari yakimpita karibu na kiwiko.

Mwongozo huu ni wa huyo mama, na wa yule kaka anayetoka zamu ya ghala usiku wa manane akakuta basi la mwisho limeshaondoka. Tuko wengi hapa Colorado tunaozungumza Kiswahili: Wakongo, Warundi, Wakenya, Watanzania, kuanzia Aurora na Denver hadi Greeley na Colorado Springs. Mabasi tunayapanda kweli. Lakini kwenye meza zinapopangwa barabara na mabasi ya miaka ijayo, mara nyingi hatupo, tukidhani zile ni shughuli za wenyeji wenye suti. Si hivyo. Ni shughuli za anayejua orodha ipi ina pesa na inafungwa lini.

Hatua ya 1: Jua shida yako ni ya nani

Hapa ndipo wengi wetu tunapotea, nami nilipotea. Mara ya kwanza nilipokwenda kutoa maoni nilijiandaa wiki nzima, nikavaa koti langu zuri, nikasimama mbele ya kamati, nikaeleza kwa uchungu jinsi basi linavyochelewa. Walinisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza, mzee mmoja akaniambia kwa upole kwamba ofisi yao haina basi hata moja. Muda wangu ulikuwa umekwisha, na parking nilikuwa nimelipia saa mbili.

Basi usirudie kosa hilo. Ratiba, nauli na njia za mabasi na treni za eneo la Denver ni za RTD. Hilo ni shirika lenye bodi ya wakurugenzi 15 wanaopigiwa kura na wananchi, kila mmoja na wilaya yake. Mmoja wao ni wako, tafuta jina lake. Barabara kuu za jimbo ni za Idara ya Uchukuzi ya Colorado, ambayo kila mtu anaiita CDOT. Kuna mtego hapa: barabara kama Colfax na Federal zinaonekana kama mitaa ya kawaida, zina maduka ya nguo na migahawa pande zote, lakini kwenye makaratasi ni barabara kuu zinazohusu jimbo. Kivuko ukikitaka pale, ombi lako haliishii mjini. Njia za waenda kwa miguu kwenye mitaa ya ndani ni suala la mji. Denver wapiga kura waliamua Novemba 2022 kwamba mji ndio ubebe kazi ya kujenga na kutengeneza njia hizo kwa kutumia ada. Aurora ni mji mwingine wenye taratibu zake.

Juu ya hao wote kuna baraza la mipango la mkoa. La Denver na vitongoji vyake linaitwa DRCOG. Halina basi, halina greda, na wengi hawajawahi kulisikia. Lakini mradi mkubwa usiopita kwenye meza ya DRCOG haupati pesa za shirikisho, kwa hiyo likumbuke jina hilo.

Hatua ya 2: Katika nyaraka zote, shika ile yenye pesa

Jimbo lina mipango mingi yenye picha nzuri za watu wanaoendesha baiskeli. Mpango wa muda mrefu unatazama miaka 20 na zaidi. Chini yake kuna mpango wa miaka 10, unaotaja miradi kwa majina. Halafu kuna orodha inayoitwa STIP, ya miaka minne, ambayo kila mradi umeandikiwa kiasi, mwaka na mfuko inakotoka fedha. DRCOG nayo ina orodha yake ya namna hiyo, inaitwa TIP, na miradi ya kule huingizwa kwenye ile ya jimbo.

Ukiwa na muda wa kusoma waraka mmoja tu, soma STIP. Haivutii, ni majedwali matupu, lakini ndiyo daftari la mwenye duka. Fungua faili, tafuta kwa jina la barabara yako, uone kilichoandikwa. Usipoona kitu, umeshajua: kwa miaka minne ijayo hakuna aliyetenga hata senti.

Mwaka wa fedha wa jimbo huanza tarehe 1 Julai. Ndiyo maana rasimu hujadiliwa miezi ya kabla ya hapo, wakati wa majira ya kuchipua. Mtu anayeamka Agosti amechelewa kwa mwaka huo, ila hajachelewa kwa unaofuata. Jiandikishe kupokea barua pepe za CDOT na za DRCOG sasa hivi. Ni bure, na utafuta nyingi, lakini ile moja yenye maneno ya kuomba maoni ya umma usiifute.

Aliye jimbo jingine, utaratibu ni uleule. Sheria ya shirikisho inataka kila jimbo liwe na mpango wa muda mrefu na STIP, na kila eneo la mijini lenye watu zaidi ya 50,000 liwe na baraza lake la mipango. Sheria ya miundombinu ya 2021 iliongeza sharti kwamba kila jimbo litengeneze mkakati wa kupunguza hewa ukaa ya usafiri kufikia Novemba 2023, kwa hiyo hata Maine, Iowa au Kentucky kuna waraka huo mahali fulani kwenye tovuti ya idara ya uchukuzi. Minnesota walikwenda mbali zaidi mwaka 2023, wakatunga sheria ya kupima hewa ukaa kabla ya kupanua barabara kuu. Ila Colorado ndiyo iliyotangulia katika hili, na ndiyo ninayoijua kwa kuikanyaga.

Hatua ya 3: Ielewe rula ya hewa ukaa, kisha ujue isichopima

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye nguvu yako.

Juni 2021 Gavana Jared Polis alitia saini sheria inayojulikana kama SB 260. Ilipanga takriban dola bilioni 5.4 za usafiri kwa muda wa miaka kumi, sehemu yake ikitoka kwenye ada mpya ndogondogo. Mojawapo unailipa wewe bila kujua: oda nyingi za bidhaa zinazoletwa nyumbani kwa gari zina ada, iliyoanza Julai 2022 ikiwa senti 27. Ada hiyo hugawanywa kwenye mifuko kadhaa, ikiwemo ya mabasi yasiyotoa moshi. Mwaka 2024 ikatungwa sheria nyingine ya ada kwa wachimbaji wa mafuta na gesi, na sehemu kubwa ya ada hiyo imeelekezwa kwenye usafiri wa umma. Kwa hiyo ukisimama kuomba huduma ya basi, huendi kuomba sadaka. Umeshachangia, hata kama ni kwa kuagiza viatu mtandaoni.

SB 260 ilileta pia kanuni ambayo Tume ya Uchukuzi ya Colorado, inayoisimamia CDOT, iliipitisha Desemba 2021. Kabla mpango haujapitishwa, CDOT na mabaraza matano ya mipango (Denver, Fort Collins na Greeley, Colorado Springs, Pueblo, Grand Junction) lazima wapige hesabu kwa kompyuta: tukijenga vyote tulivyoandika humu, magari yatatoa hewa ukaa kiasi gani mwaka 2025, 2030, 2040 na 2050? Kila mmoja amepewa kiwango cha kupunguza. Anayepungukiwa anaweza kuongeza hatua za kufidia, kama mabasi zaidi au njia za baiskeli na za miguu. Akishindwa kabisa, sehemu ya fedha zake inafungwa, isitumike ila kwa miradi inayopunguza moshi.

Hayo si maneno matupu. Septemba 2022 DRCOG walipitisha upya mpango wao wa 2050, na upanuzi wa barabara ya I-25 katikati ya Denver ukaondolewa, pamoja na upanuzi wa barabara ya C-470. Njia za mabasi ya haraka zikasogezwa mbele. Wale waliopanda mwendokasi Dar es Salaam tangu 2016 wanajua ninachosema: basi lenye njia yake peke yake katikati ya barabara na kituo cha jukwaa. Ndicho kinachojengwa Colfax tangu Oktoba 2024, kutoka katikati ya Denver hadi Aurora, palepale kwenye njia ya ile namba 15.

Mantiki yake mtu wa Nairobi haihitaji kufundishwa. Ukiongeza njia mbili, foleni inapungua kwa muda. Waliokuwa wakiacha gari nyumbani wanalitoa, nyumba mpya zinajengwa mbali zaidi, na baada ya miaka michache foleni ni ileile, ila imepata njia mbili zaidi za kujaza.

Sasa sikia upande wa pili. Rula ya hewa ukaa inapima tani. Haiulizi tani imetoka kwa nani. Daktari wa kitongoji cha matajiri akinunua gari la umeme kwa punguzo la kodi, tani zinapungua. Mama wa Colfax akipata basi kila dakika kumi, tani zinapungua. Kwenye jedwali wote ni sawa. Kwa hiyo mpango unaweza kuwa safi kabisa na bado ukawa umetupita. Ruzuku za magari ya umeme sizikatai, na jimbo lina mpango wa kumwezesha mwenye kipato kidogo kutoa gari lake chakavu na kusaidiwa kupata la umeme. Ulizia kama una sifa. Lakini nikiulizwa pesa iende wapi kwanza, nasema kwenye basi na kituo chake. Asiye na gari hana cha kubadilisha.

Usawa una vifaa vyake. SB 260 iliiagiza CDOT ianzishe kitengo cha haki ya mazingira na usawa, na jimbo lina ramani inayoitwa EnviroScreen inayoonyesha, eneo kwa eneo, wapi uchafuzi wa hewa na umaskini vimekutana. Ingia, tafuta mtaa wako, piga picha ya ukurasa. Eneo likiwa limetambuliwa rasmi kama lililoelemewa, taja jambo hilo kwenye sentensi yako ya kwanza. Mwaka 2025 serikali ya shirikisho ilifuta amri zake za haki ya mazingira, kwa hiyo usijenge hoja yako juu ya maneno ya Washington. Jenga juu ya sheria za jimbo.

Hatua ya 4: Daftari la wiki moja

Wapangaji wana kompyuta inayojua magari mangapi yanapita Colfax kwa saa. Haijui kwamba kituo kimezikwa. Kinachokosekana kwao ndicho ulicho nacho wewe, ila ukilete kwa namna wanavyoweza kukitumia.

Chukua daftari la shule. Kwa siku tano za kazi, ukiwa kwenye kituo kilekile, andika tarehe, saa basi lilipotakiwa kufika, saa lilipofika, watu wangapi walikuwa wakisubiri, wangapi walikuwa na watoto, mkongojo au kiti cha magurudumu, na walikuwa wamesimama wapi. Andika namba ya kituo iliyo kwenye kibao. Piga picha ya kilima cha theluji, ya mahali njia ya miguu inapokatika, ya taa iliyozimika. Nyuso za watu usizipige. Wengi wana sababu zao za kutotaka kuonekana, na haziwahusu wapangaji.

Angalizo moja dogo ambalo lilitugharimu. Jirani yangu aliandika kwa Kiswahili kwamba husubiri basi "saa kumi na moja alfajiri". Tukaweka kwenye programu ya kutafsiri, ikatoa saa 11. Maoni yakasomeka kana kwamba mtu analalamikia basi la kuelekea mchana, wakati mwenyewe anazungumzia saa 5 ya Kimarekani, giza totoro, nyuzi chini ya sifuri. Kwenye daftari hilo andika saa za Kimarekani tangu mwanzo, kama zilivyo kwenye simu yako.

Hatua ya 5: Andika maoni mafupi yenye ombi

Maoni mengi yanayotumwa ni hasira bila ombi. Anayeyasoma anaandika "mwananchi hajaridhika" na kugeuza ukurasa. Maoni mazuri yana mahali, hesabu, na jambo linaloweza kuingizwa kwenye jedwali. Mfano:

"Mimi ni mkazi wa Aurora na hupanda basi namba 15. Eneo letu lina mzigo mkubwa wa uchafuzi kwa mujibu wa ramani ya jimbo. Kwa siku tano, kuanzia tarehe … hadi …, nilihesabu watu … kwenye kituo namba … kati ya 5:00 AM na 6:00 AM. Kwa siku … kati ya hizo walisimama barabarani kwa sababu kituo kilikuwa kimefunikwa na theluji iliyosukumwa na magari ya kusafisha. Naomba mambo mawili. Kwanza, mradi wa jukwaa lililoinuliwa, kibanda na kivuko chenye taa mahali hapa uingizwe kwenye orodha ya miaka minne. Pili, usafishaji wa vituo uwekwe kwenye mpango wa matengenezo ya majira ya baridi."

Angalia yale maombi mawili. Nimeyatenga kwa makusudi, maana yanatoka mifuko tofauti. Jukwaa ni ujenzi, linakwenda kwenye STIP. Kukomba theluji ni matengenezo, ambayo yana bajeti yake na bosi wake. Ukiyachanganya kwenye sentensi moja, kila ofisi itaona ni kazi ya mwenzake.

Tuma kwa Kiswahili na Kiingereza pamoja, hata kama Kiingereza chenyewe kimenyooshwa na mtoto wako wa darasa la nane. Nakala moja iende CDOT, moja DRCOG, moja kwa mkurugenzi wako wa RTD. Hakuna sharti la uraia katika kutoa maoni, wala hulazimiki kutaja hali yako ya uhamiaji, na usiitaje. Kumbuka tu kwamba maoni huwa kumbukumbu ya umma. Makutano ya barabara yanatosha, namba ya nyumba yako usiandike.

Maoni kumi ya watu kumi yanayozungumzia kituo kimoja yana uzito kuliko barua moja yenye sahihi mia. Kwa hiyo baada ya ibada au kwenye kikao cha jumuiya, msipitishe karatasi ya sahihi. Kaeni nusu saa, kila mtu na simu yake, kila mtu na kituo chake na hesabu yake.

Hatua ya 6: Ukienda mwenyewe kwenye kikao

Tume ya Uchukuzi ina makamishna 11, kila mmoja na eneo lake la jimbo, wote wakiteuliwa na gavana na kuthibitishwa na Seneti ya jimbo. Hukutana kila mwezi na hutenga muda wa wananchi, kwa kawaida dakika tatu kwa mtu. Unaweza kujiunga kwa mtandao, jambo lililowaokoa wengi wetu wa zamu.

Dakika tatu ni chache kwetu tuliozoea kuanza na salamu. Ile heshima ya kumshukuru mwenyekiti, wajumbe na wageni waalikwa ikishakula dakika nzima, umebakiza mbili. Sema jina, mahali, hesabu, ombi. Kisha kaa.

Mkalimani omba mapema, kwa maandishi, ukitaja Kiswahili na aina yake ukipenda. Mkalimani wa Mombasa na mpanda basi wa Bukavu wataelewana, ila si kwa kila neno. Amri ya shirikisho ya mwaka 2000 kuhusu lugha ilifutwa Machi 2025, lakini Kifungu cha VI cha Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 bado kipo, na kinakataza ubaguzi wa rangi au asili ya taifa kwa taasisi inayopokea fedha za shirikisho. Ukinyimwa huduma kwa misingi hiyo, malalamiko huwasilishwa ndani ya siku 180. Weka barua pepe zote.

Kabla ya kwenda, tembea siku moja mtaa wa Elyria-Swansea, ndani ya Denver upande wa kaskazini. Barabara ya I-70 ilikata mtaa ule miaka ya 1960. Mwaka 2022 ilifunguliwa bustani juu ya sehemu iliyozamishwa, karibu na shule ya msingi, na watoto wanacheza pale. Chini yao barabara imepanuliwa, baada ya wenyeji kupinga kwa miaka. Nilisimama pale nikasikia mngurumo wa malori kupitia nyasi. Tangu siku hiyo nasoma rasimu mradi ukiwa bado mstari kwenye karatasi.

Hatua ya 7: Rudi kwenye jedwali

Rasimu ya mwaka unaofuata ikitoka, usisome utangulizi wala dibaji ya mkurugenzi. Fungua jedwali, tafuta jina la barabara yako. Ukilikuta, andika namba ya mradi, mwaka na kiasi, na mwaka baada ya mwaka angalia kama pesa ziko palepale, maana miradi husogezwa mbele kimyakimya. Usipolikuta, chukua daftari urudi kituoni siku tano nyingine, kisha tuma barua ileile, ukibadilisha tarehe na idadi ya waliosimama barabarani.